Uso wa Nta wa Ofelio

Mjini Kapua mkubwa akifa haondoki kimya. Hubebwa hadi uwanjani, na mbele ya jeneza hutembea mtu mzima hai aliyevaa joho lake, viatu vyake na uso wake wa nta, akikohoa alivyokohoa, akigombeza wapishi alivyowagombeza, na watu hucheka mpaka wanashika mbavu huku waombolezaji wa kukodiwa wakijing'oa nywele pembeni. Siku hiyo mwigaji husema lolote alitakalo, kwa kuwa si yeye asemaye, ni marehemu. Kesho yake akirudia nusu ya maneno hayo, atachapwa viboko.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Kinamo. Wengi walimwita kwa sababu alikuwa fundi. Mimi nasema alikuwa anafanya mazoezi. Maiti wote aliowaiga, wauza manukato, wafua shaba, mjumbe mmoja wa baraza aliyekuwa na kigugumizi, walikuwa njia tu ya kumfikia maiti mmoja aliyekuwa bado anakula na kunywa.

Siku Numerio Ofelio alipokata roho, Kinamo alikuwa kwa kinyozi, shavu moja limenyolewa. Habari ililetwa na muuza dengu wa kukaanga, aliyepita akiitangaza pamoja na dengu zake.

"Pole na msiba," kinyozi akasema. "Si alikuwa bwana wako?"

"Alikuwa," Kinamo akajibu. "Malizia shavu la pili. Nina kazi."

Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya dobi, alikofanya kazi Kalitike, mdogo wake wa tumbo moja. Alimkuta ndani ya pipa, mguu hadi goti, akikanyaga majoho ya watu kwenye mkojo uliochacha, ule unaokusanywa kwenye mitungi ya pembeni mwa barabara kwa ajili ya kufulia. Kichwani alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kilichoshuka hadi kwenye nyusi. Hakuna aliyewahi kumwona bila kitambaa hicho, kiangazi wala masika.

"Amekufa," Kinamo akasema.

Kalitike hakuuliza nani. "Kwa nini?"

"Uyoga, wanasema. Au tumbo tu."

"Aliumia?"

"Siku mbili."

"Mbili tu," Kalitike akasema, akaendelea kukanyaga.

Chini ya kitambaa kile palikuwa na herufi tatu za neno la mwizi, zilizodungwa kwa sindano na wino. Ziliwekwa pale alipokuwa msichana, msusi wa Bi Helvia, mke wa Ofelio. Wote wawili, yeye na kaka yake, walizaliwa watumwa wa nyumba ile. Kalitike alikuwa na mikono ambayo wanawake wa mtaa mzima waliionea wivu. Aliweza kuzipanga nywele za bibi yake zikasimama ghorofa tatu bila kushuka karamu nzima. Juu kabisa alichomeka pini ya dhahabu yenye kichwa cha njiwa, aliyoachiwa Bi Helvia na mama yake. Asubuhi moja pini haikuonekana. Bi Helvia akapekua nyumba nzima, akalia, akamwuliza mumewe. Ofelio akaipulizia pete yake, akaisugua kwenye joho, akasema, "Jana nilimwona msusi wako akiishikashika."

Alipulizia pete. Kumbuka hilo, kwa maana Kinamo hakulisahau.

Kinamo ndiye aliyekuwa mbeba taa wa Ofelio. Mbeba taa hutembea mbele, bwana nyuma, kwa hiyo alijifunza mwendo wa bwana wake kwa mgongo: kiatu cha kulia kilichoburuzika, pumzi iliyokatika kwenye vilima, kikohozi cha kabla ya uongo. Jioni iliyotangulia kupotea kwa pini alimmulikia hadi kwa Libas, mwanamke mpiga filimbi wa mtaa wa wauza manukato, na mlango ulipofunguliwa akaiona njiwa ya dhahabu iking'aa kwenye kiganja cha bwana wake.

Angesema kwa nani? Mtumwa hasemi dhidi ya bwana wake mahakamani. Na hata katika mambo mengine, neno la mtumwa halipokelewi mpaka kwanza ateswe. Asipolia kwenye kamba, hata akisema jua limechomoza, hakimu atatuma mtu akachungulie dirishani. Kwa hiyo Kinamo alikwenda kwa bwana wake peke yake, akapiga magoti, akamshika miguu.

"Bwana, unajua si yeye."

"Najua," Ofelio akasema, wala hakukasirika. "Lakini ngozi ya dada yako itapona. Ndoa haiponi."

Bi Helvia akaita mtu wa sindano. Kalitike alishikwa na wapishi wawili aliokuwa akila nao sahani moja. Kisha akauzwa kwa dobi, kwa maana nani atamkabidhi mwizi kichwa chake na pini zake?

Ngozi haikupona. Alipaka kitunguu saumu, alipaka mende wa kuunguza, alimlipa mganga Mgiriki aliyemchubua mpaka nyama ikaonekana, na herufi zikarudi zikiwa na makovu juu yake. Hata mwenye karakana alipomwacha huru, sheria haikumhesabu raia. Mtu mwenye chapa usoni huwekwa kundi moja na maadui waliosalimu amri vitani. Kalitike, ambaye hakuwahi kushika kitu kikali kuliko pini ya nywele, alikuwa adui aliyesalimu amri.

Na Kinamo? Kinamo alibaki kule kule, akimwigiza Ofelio mbele ya wageni wake. Ofelio alipenda sana. Alicheka mpaka divai ikamtoka puani, na katika kicheko kimoja cha namna hiyo akamwacha huru mezani, mbele ya mashahidi. Tangu hapo akawa mlezi wake kisheria, na mwachwa huru haruhusiwi kumshtaki mlezi wake, wala kumtusi, wala kumsema vibaya barazani, maisha yake yote. Sheria hiyo waliitunga kina Ofelio. Kila asubuhi Kinamo alikwenda kumwamkia, akapewa kikapu chake cha mkate na zeituni, akasema ahsante. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Vatio, msimamizi wa mazishi, alikuja kumtafuta jioni ile ile. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya huzuni hata akiagiza supu.

"Familia inakutaka wewe," akasema. "Prisko, yule mwanawe, kasema: mlete Kinamo, alimpenda baba kama baba yake."

"Kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Mama yake naye kalia, kasema wewe ndiye unayemjua marehemu kuliko wote."

"Hapo hajakosea," Kinamo akasema. "Ila uso wa nta nipe leo. Nataka kuushonea sufu ndani. Ule wa mwisho ulinichubua pua."

Hilo ni jambo la kawaida kwa waigaji, na Vatio hakuona neno. Ofelio alikuwa amewahi kuwa mkuu wa mji mwaka mmoja, kwa hiyo uso wake ulikwishaandaliwa, umepakwa rangi, na macho yake ni yale yale ya ng'ombe aliyeshiba. Baada ya mazishi ungewekwa kwenye kabati la mababu, ukumbini, pamoja na wengine waliotangulia. Siku za sikukuu makabati hufunguliwa, nyuso huvishwa mataji ya majani, na wageni hupita kuzitazama. Wajukuu wa wajukuu wangeoneshwa: yule ni Ofelio.

Kinamo aliuweka uso huo mezani kwa Kalitike, kati ya bakuli la uji wa ngano na kichupa cha mchuzi wa samaki.

"Nitasema yote," akamwambia. "Mbele ya mji mzima, kwa sauti yake. Libas, pini, ndoa haiponi. Mkewe akiwa amekaa pale pale."

Kalitike aliutazama ule uso kwa muda. "Maneno," akasema.

"Maneno, ndiyo. Ulitaka nini tena, Kali? Nimchome kisu maiti?"

"Kaka, maneno yatachekesha watu, halafu watakwenda kula. Mwezi ujao atakufa mwingine." Akafungua kitambaa chake. Alifanya hivyo mbele ya kaka yake tu. "Mimi sikuambiwa maneno. Mimi niliandikwa. Nataka na yeye aandikwe."

"Wataona kabla sijafungua mdomo."

"Alizikwaje yule mkuu wa mji wa mwaka juzi? Si alivishwa taji?"

Wakuu wa mji huenda kaburini na taji la majani, na mwigaji wao pia hulivaa, limeshuka hadi kwenye nyusi kama kitambaa cha dobi.

Kalitike akachukua pini ya mfupa, ya bei rahisi, akaishika juu ya makaa mpaka ikapata joto. Hakujua kusoma. Aliweka vidole vya mkono wa kushoto kwenye paji la uso wake, akazipapasa herufi zake moja moja, na kwa mkono wa kulia akazichora kwenye nta. Ulikuwa bado mkono wa msusi. Alipomaliza alipuliza vumbi la nta, akakodoa macho, akarudia mstari mmoja ambao haukumridhisha.

"Hapa walinidunga kwa kina zaidi," akasema.

Siku ya mazishi tarumbeta zilitangulia, zikafuata filimbi, wakafuata wanawake wa kulia, kisha mababu: waigaji waliovaa nyuso za kale za ukoo, kila mmoja katika kigari chake kama anayekwenda harusini. Nyuma yao, peke yake, kwa miguu, akaja Ofelio. Mtaa mzima ulipasuka. Kiatu cha kulia kiliburuzika. Alisimama kilimani akashika kiuno, akatukana kilima. Alimnyooshea kidole muuza samaki na kumwambia samaki wake amekufa kabla yake. Mjane mmoja mzee alijishika kifua akasema, "Jamani, si yeye huyu?" na mjane huyo hakuwa mpumbavu.

Uwanjani jeneza likawekwa mbele ya jukwaa. Mababu wakaketi kwenye viti vya pembe za ndovu. Bi Helvia alikaa kando yao, nywele zake zimefunguliwa kwa msiba, nyeupe, chache. Prisko, mtu wa miaka thelathini mwenye kidevu cha baba yake, akapanda akasoma hotuba ndefu juu ya uaminifu wa marehemu. Neno uaminifu alilirudia mpaka watoto wakaanza kulitazamia. Akashuka. Vatio akatoa ishara, na Kinamo akapanda.

Alianza taratibu. Alimwiga Ofelio akirudi nyumbani amechelewa, akijigonga kwenye kizingiti.

"Mke wangu, nilikuwa barazani," akasema kwa sauti ile nzito. Akaipulizia pete, akaisugua kwenye joho.

Kicheko. Wajumbe wa baraza ndio waliocheka zaidi, kwa kuwa walijua siku ngapi hakuwapo.

"Mke wangu, divai hii nimeionja tu." Akapulizia pete. "Mke wangu, huyu mbwa ndiye aliyemla yule sungura." Pete. Kufikia hapo umati ulikuwa ukipulizia vidole pamoja naye, na hata Bi Helvia alikuwa anatabasamu huku machozi yakimtoka. Alikuwa ameishi na ile pete miaka yote hiyo, na ndiyo kwanza anaoneshwa ilichokuwa ikisema.

Kinamo akangoja wacheke mpaka waishe.

"Mke wangu," akasema, "pini yako ya njiwa? Jana nilimwona msusi wako akiishikashika."

Akaileta pete mdomoni. Akaipulizia polepole. Akaisugua.

Wengine walicheka kwa mazoea, kisha kicheko kikakatika vipande vipande. Bi Helvia hakucheka. Tabasamu lilibaki usoni mwake bila kazi.

Prisko akaruka. "Mshusheni huyo! Huyo ni mtumwa wetu!"

"Kaa chini, kijana," sauti ikatoka upande wa wauza shaba. "Baba yako anaongea."

"Nasema mshusheni."

"Tangu lini mtoto akamkatiza baba yake siku ya mazishi?" akasema mwingine. "Hayo ndiyo malezi?" Na watu wakacheka tena, safari hii kwa ubaya. Vatio alitazama mawingu. Alikuwa amesimamia mazishi mengi, na alijua kwamba mwigaji akiwa jukwaani hakuna wa kumshusha isipokuwa miungu.

Bi Helvia akainuka. Alitembea mpaka chini ya jukwaa, akainua uso wake, akausemesha ule uso wa nta, si mtu aliyekuwa nyuma yake.

"Numerio. Pini yangu iko wapi?"

Kinamo aliunganisha mikono yake nyuma. Pete haikuonekana. Kwa mara ya kwanza siku ile Ofelio alisimama bila kuchezesha kitu.

"Nilimpa Libas, mpiga filimbi," akasema. "Mbeba taa wangu alipiga magoti kunisihi. Nikamwambia ngozi ya dada yake itapona, ndoa haiponi."

Kisha akainua mikono akalivua taji.

Jua la Kapua lilikuwa limeilainisha nta kidogo, na masizi ambayo Kalitike alikuwa amesugua kwenye mikato yalionekana meusi hadi nyuma ya uwanja. Waliojua kusoma wakasoma. Wasiojua wakawauliza, na neno likapita umatini kwa kunong'onezana, safu baada ya safu. Pale mbele, karibu na wanawake wa kulia, mwanamke mwenye miguu iliyobabuka kwa mkojo wa dobi akafungua kitambaa chake cheusi na kukiachia chini. Watu wakatazama juu, wakatazama chini. Mwandiko ulikuwa mmoja. Kinamo alikuwa ameingoja saa hii nusu ya maisha yake, na nitasema bila kuficha: ilikuwa tamu. Wanaosema kisasi hakina ladha hawajawahi kula mkate wa adui yao kila asubuhi na kusema ahsante.

Prisko ndiye aliyejikusanya kwanza. "Mama, usijali," akasema kwa haraka. "Tutayeyusha huu, tutatengeneza mwingine. Kalibu ya uso wake ipo nyumbani."

Bi Helvia alikuwa bado anamtazama Kalitike. Alimtazama kwenye paji la uso, mahali alipoagiza sindano, kisha akanyoosha mikono kwa Kinamo.

"Nipe," akasema.

Akaupokea ule uso, akaukumbatia kifuani, akamwambia mwanawe, "Nenda ukachome kilichobaki."

Mwili ulichomwa nje ya malango na Prisko pamoja na wapagazi. Bi Helvia hakwenda. Aliporudi Prisko alimkuta mama yake ukumbini na kalibu ya plasta chini ya miguu yake, imevunjwavunjwa kwa mchi wa jikoni, na uso umekwishawekwa kabatini, paji lake wazi. Kijana alipiga kelele za aibu ya ukoo. Mama yake akamwambia funguo za kabati anazo yeye, na siku ya kumzika yeye ndipo azichukue.

Prisko alijaribu kumfikisha Kinamo kwa hakimu. Hakimu alimwuliza anamshtaki mwigaji au anamshtaki baba yake, akamshauri apumzike. Lakini familia zenye heshima ziliacha kumwita Kinamo kwenye misiba yao. Kila nyumba ilikumbuka ina maiti wa kesho mwenye pete ya kupulizia. Akaishia kuigiza sokoni, kwa kelele za wauza vitunguu, na hakuwahi kulalamika.

Sikukuu ya kwanza baada ya msiba, makabati yalipofunguliwa, mlinzi wa mlango wa Ofelio alimkuta mwanamke barazani, kichwa wazi, nywele zake zimepangwa vizuri.

"Unamtaka nani?"

"Nimekuja kumwamkia bwana," Kalitike akasema.

Mlinzi alisoma paji lake la uso, akapisha.

Ukumbini Bi Helvia alikuwa amesimama na kikapu cha mataji, peke yake. Wageni wa mwaka ule walikuwa wachache. Alipomwona akaweka kikapu chini.

"Kalitike. Mwanangu. Nilikuwa..."

"Sikujia hayo, bibi."

"Naomba unisamehe."

"Nimesikia," Kalitike akasema. Akampita.

Uso wa Ofelio ulikuwa katikati ya mababu zake, umevishwa taji jipya, na mtumwa fulani, kwa heshima au kwa woga, alikuwa amelishusha majani yakafunika nyusi. Kalitike alisimama mbele yake. Alilitazama taji lile kama alivyokuwa akitazama vichwa vya wanawake kabla ya karamu. Kisha akanyoosha mikono, akalilegeza upande, akalipandisha juu hadi kwenye mstari wa nywele, akachomeka pini ya mfupa mahali panapostahili, akaligusa kuhakikisha halitashuka.

"Likae hivi kila mwaka," akamwambia Bi Helvia. "Nitakuja kuangalia."

Na alikuja kila mwaka, na kila mwaka Bi Helvia alimtangulia mbele, akimshikia taa.